Mgonjwa Aliyerudishwa Nyumbani



Mwezi huu twataka kunena habari za mgonjwa ambaye waganga wamekwisha kuwaambia jamaa zake kwamba ugonjwa wake hauponi. Si habari ya kufurahisha, na labda wengine watafunua ukurasa wa pili upesi. Lakini katika nyumba zetu za Soga, na za Kisarawe na Maneromango ambako wamisioni wa Berlin walianza kazi katika miaka ya 1890, hakuna ukoo usiolijua neno hili: “Amerudishwa nyumbani.” Watu wakilisikia huinamisha vichwa, kisha huanza kuulizana habari za sanda.

Lakini sanda haijahitajiwa bado. Tangu siku ya kurudishwa mpaka siku ya kufa huenda yakapita majuma matatu, au miezi mitatu, au mwaka mzima, na siku hizo zote mgonjwa yu hai. Anasikia, anaona njaa na kiu, anaona haya akinuka, anaogopa usiku. Kwetu Uzaramo matanga hayakosi watu. Mchele hupatikana, na sukari, na turubai la kukalia wageni. Basi, mtu yule yule alipokuwa akilia kwa maumivu, mbona fedha ya nauli ya kumtafutia dawa haikuonekana? Mimi naona ni jambo la aibu, wala sisemi juu ya majirani zetu wa dini nyingine. Nasema juu yetu.

Kazi ya kuwatunza wagonjwa wa namna hii ina historia yake. Mwaka 1948 katika hospitali moja ya London alikufa Myahudi mmoja wa Poland, jina lake David Tasma, mtu mgeni asiye na jamaa karibu. Siku zake za mwisho alitembelewa na bibi mmoja, Cicely Saunders, ambaye kwanza alikuwa muuguzi. Tasma alimwachia pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba ambayo bibi yule alitumaini kuijenga kwa ajili ya watu wanaokufa. Yule bibi alikwenda kusoma uganga, akawa daktari, akaomba fedha kwa watu wengi, na mwaka 1967 nyumba ile ikafunguliwa, ikaitwa St Christopher's. Yaani tangu dirisha mpaka nyumba ilipita miaka 19.

Kwetu Afrika Mashariki nyumba ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1990. Daktari wake wa kwanza, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyewahi kuwa mtawa, alihamia Kampala mwaka 1993 akaanzisha chama kiitwacho Hospice Africa Uganda, akiwa na fedha za kutosha miezi mitatu tu. Alifariki mwaka 2025, na kazi yake ingali ikiendelea. Jambo kubwa alilolifanya ni hili: alichukua unga wa mofini, akauchanganya na maji safi, na dawa ya kuzuia maji yasiharibike, na rangi kidogo ili nguvu moja isichanganywe na nyingine. Dawa ile hunywewa. Haihitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Mtu aweza kuinywa akiwa juu ya mkeka wake, na bei yake ni ndogo. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ikawapa ruhusa hata wauguzi waliofundishwa kazi hii kuiandika, maana waganga ni wachache na vijiji ni vingi.

Katika Tanzania, hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kazi hii mwaka 1999, na wazee na akina mama wa sharika wakafundishwa kuwatembelea wagonjwa nyumbani. Kwa watu wa Soga mlango ulio karibu ni Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali ile ilifunguliwa na Wadachi mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani ya taifa zima. Zamani mgonjwa wetu alikwenda kwa gari la moshi la reli ile iliyofika Morogoro mwaka 1907. Leo iko na reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024, nayo ina stesheni Soga. Njia si ndefu tena. Kinachowazuia watu ni hofu.

Wengi huogopa mofini. Wasema itamlevya mgonjwa, au itamharakishia kifo. Yafaa tuelewe. Anayepewa kwa maumivu ya kweli, kwa kipimo cha daktari, huanza kwa kidogo na kuongezewa polepole. Hunywa kila baada ya saa nne, asingoje maumivu yarudi ndipo aombe, kwa maana kuyazuia ni rahisi kuliko kuyafukuza. Huenda akasinzia siku mbili tatu za kwanza, kisha hukaa macho akazungumza na watoto wake. Tabu yake moja isiyokoma ni kufunga choo. Kwa hiyo dawa ya kulainisha tumbo hupewa pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Chupa iwekwe mahali pa juu, mbali na watoto, wala asipewe mtu mwingine hata akiumwa na jino.

Tena yako mambo yasiyohitaji daktari. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, ngozi isije ikaoza. Kinywa kisafishwe kwa maji yenye chumvi kidogo na kitambaa laini. Kidonda kinachonuka kina dawa: muuguzi aweza kuonyesha jinsi ya kusaga vidonge vya metronidazo na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichooshwa. Harufu ikipungua, majirani hurudi kuketi karibu. Nadhani jambo hili peke yake limerudisha wageni katika nyumba nyingi kuliko mahubiri.

Liko na jambo zito zaidi, nalo ni kusema kweli. Mama mgonjwa humwuliza bintiye, “Mwanangu, nitapona?” Binti hujibu, “Utapona, mama,” kisha hutoka nje kulia. Mama ajua, binti ajua, na kila mmoja yu peke yake na lile analolijua. Hatusemi mtu aambiwe kwa ukali, au kabla hajauliza. Lakini akiuliza, aulizwe naye, “Mama, wewe mwenyewe waonaje?” Mara nyingi atasema yote. Ndipo shamba hugawanywa bila ugomvi, na deni hutajwa, na ndugu waliokosana huitwa wapatane angali akiweza kunyosha mkono.

Walimu wana kazi yao hapa. Katika nyumba nyingi yuko bibi mzee anayemtunza mgonjwa, naye hana saa wala hajui kuandika. Mwalimu achukue daftari la shule, apige mistari, aandike saa za dawa, na kando yake nafasi ya maumivu. Maumivu hupimwa kwa mkono: ngumi ni kutoumwa, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mjukuu anayesoma darasa la nne aweza kumwomba babu aonyeshe vidole, akaandika hesabu asubuhi na jioni. Siku ya kwenda hospitali daftari lichukuliwe pamoja na chupa. Daktari akiona vidole vinne, vinne, vitano kwa siku saba mfululizo, atajua la kufanya na ile dawa kabla bibi hajamaliza kuamkia.