Sura ya 7: Watano wa Soko la Kiswahili

Ukiruhusiwa kumchukua yeyote, timu ya ndoto haina utamu. Utamtaja Jordan, utamtaja LeBron, na ubishi utakwisha kabla sato hajageuzwa upande wa pili. Kwa hiyo hapa Mwanza tujiwekee sharti moja: mchezaji awe amezaliwa mahali ambapo bei sokoni hupatanwa kwa Kiswahili.

Sharti hilo linauma. Linamtoa Dikembe Mutombo, aliyezuia mitupo 3,289 katika NBA, maana Kinshasa ni mji wa Kilingala. Linatubakizia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Vijiweni bado wanamcheka kwa hilo. Mimi simcheki, Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa ukuta. Ila NBA wastani wake ulikuwa pointi 2.2 kwa mchezo, basi tusimtegemee kwa kufunga.

Lubumbashi inatupa wawili: Bismack Biyombo, na Myck Kabongo wa kupanga mchezo, aliyekulia Canada. Goma inamtoa Jonathan Kuminga, bingwa wa NBA mwaka 2022 na Golden State. Kenya inaleta Eric Mutoro na Tylor Okari Ongwae, yule ambaye mtupo wake wa mwisho uliizamisha Angola 74-73, Februari 2021.

Wapinzani ni hao hao sharti liliowatupa nje: Emmanuel Mudiay, Christian Eyenga, Luol Deng, Serge Ibaka, Mutombo. Benchi, Manute Bol.

Wengi hapa hupanga jina kwa jina, mrefu kwa mrefu, halafu wanajumlisha. Anza na swali jingine: yule jitu wao tutamlazimisha asimame wapi? Ukiwaanzisha Biyombo na Thabeet pamoja, hakuna hata mmoja anayetupa kwa mbali. Mutombo na Ibaka watatulia chini ya ringi kama wavuvi wanaosubiri dagaa waifuate taa, na Kuminga atakosa njia ya kupenya.

Basi aanze Biyombo peke yake, Kuminga asogezwe nafasi ya nne. Ibaka itabidi amfuate nje. Wakibadilishana, Deng akamchukua Kuminga, Ibaka anaangukia kwa Ongwae, mbali zaidi na ringi. Hapo Biyombo anampandia Kabongo skrini juu kabisa: Mutombo akitoka, nyuma yake pako wazi; asipotoka, Kabongo anatupa bila bughudha.

Thabeet aingie Bol anapoingia. Bol, futi 7 na inchi 7, alimaliza NBA akiwa na mitupo mingi aliyoizuia kuliko pointi alizofunga, jambo linalonichekesha na kunitisha kwa pamoja. Msimu wa 1988-89 alijaribu pointi tatu mara 91, akapata 20. Akisimama nje, mwacheni atupe. Thabeet abaki ndani asubiri ribaundi.

Limebaki suala la saa. Uwanja wetu hauna paa, ni saruji tupu, na mchana upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu. Mpango wote huu unategemea mitupo ya mbali, na upepo wa saa 10 alasiri utawafaa wale wanaofungia chini ya ringi. Sisi ndio wenyeji, ratiba tunaandika sisi: mechi ni saa 2 asubuhi, mitumbwi ikiwa bado inashusha samaki.