Mizani ya pamba iliyomfikisha Bomani uwaziri

Ukitaja pamba kwa wazee wa Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, watakuambia habari za Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, na fimbo. Wabelgiji walianza kulazimisha kilimo hicho mwaka 1917, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Kila kampuni ilikatiwa eneo lake, na mkulima hakuruhusiwa kumuuzia mwingine. Kwa hali hiyo chama cha wakulima kingeota wapi?

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, zao lilelile lilitoa waziri. Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma mwaka 1925, alikuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Huko alikuta kilio cha Wasukuma: mizani. Mkulima anatua mzigo wake, mnunuzi anapima mwenyewe, anausoma uzito mwenyewe, anaandika na kulipa mwenyewe. Ukibisha, rudi na pamba yako nyumbani ukaipike! Wakulima wakaajiri wapimaji wao, wakawaweka vituoni wahakiki kila kipimo. Kwangu mimi, siasa za Bomani zilianzia hapo, si Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliongoza chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, yaani upande wa ziwa Victoria. Akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu. Kumbuka kwamba tangu 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikuwa imekizuia TANU, chama cha siasa kilichodai uhuru, jimboni humo. Ushirika ulibaki kuwa baraza la watu.

Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alipounda serikali mwaka 1960 alimkabidhi Bomani wizara ya kilimo. Mwaka 1962 akampa wizara ya fedha. Halafu, mwaka 1965, wapiga kura wa Mwanza kwao wakamwangusha. Waziri wa fedha mzima! Mimi sishangai sana: aliyepanda kwa kumtetea muuza pamba alikuwa sasa mshika hazina, na ushirika wenyewe umekuwa mnunuzi pekee, wenye makato yake na mizani yake. Nyerere alimteua kuwa mbunge, akampa wizara ya uchumi na mipango. Mwaka uliofuata tume ya rais ikachunguza malalamiko dhidi ya vyama vya ushirika. Serikali ilipovivunja vyama vikuu mwaka 1976, Bomani alikuwa balozi Washington.