Mlinganyo wa Kipeo cha Pili katika Shamba la Ronge

Imezoeleka kudhani kwamba mlinganyo wa kipeo cha pili ni mzigo wa mtihani tu, usio na kazi nje ya darasa. Mfano wa shamba unatosha kuonyesha kinyume chake.

Ronge, katika Kaunti ya Taita Taveta, ina sura mbili: Ronge Juu yenye miteremko, na Ronge Nyika iliyo chini yake. Na ichukuliwe kwamba mkulima ana waya wa mita 100, naye ataka kuzingira shamba la mstatili lililopakana na kijito. Upande wa kijito hauhitaji waya. Umbali kutoka kijitoni ukiwa x, upande ulio sambamba na kijito utakuwa 100 − 2x, na eneo litakuwa x(100 − 2x). Akitaka mita za mraba 1,200, mlinganyo wake ni x² − 50x + 600 = 0.

Majibu ni mawili: 20 na 30. La kwanza huzaa shamba la mita 20 kwa 60. La pili, mita 30 kwa 40. Hisabati haichagui, ardhi ndiyo ichaguayo. Penye mteremko, mita 20 zafaa zaidi, kwani maji ya mvua hupata masafa mafupi ya kuporomoka, na mmomonyoko hupungua. Penye tambarare, lolote kati ya hayo mawili lafaa.

Je, akitaka mita za mraba 1,300? Mlinganyo huwa x² − 50x + 650 = 0. Mraba wa 50 ni 2,500; mara nne ya 650 ni 2,600. Tofauti ni hasi, hivyo jibu halipo. Upeo wa waya ule ni mita za mraba 1,250. Mkulima hulijua hilo kabla ya kununua nguzo hata moja.

Katika karne ya 9, mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliieleza milinganyo ya namna hii kwa maneno matupu, pasipo alama, katika kitabu kilichoipa aljebra jina lake na kilichogusia pia mirathi na upimaji wa ardhi. Kiswahili nacho chaweza. Nchini Kenya hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hurudi nyumbani na kanuni asiyoweza kumweleza mzazi wake mwenye jembe. Istilahi zipo: mlinganyo, kipeo, eneo, hasi. Kilichobaki ni kuzitumia.