Bunduki na Udugu: Tamathali na Dhamira katika Tawasifu ya Tippu Tip

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aghalabu husomwa kama kumbukumbu ya biashara na vita. Mwenyewe aliiandika kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akaichapisha mjini Berlin mwaka 1902-1903. Hata hivyo, matini hiyo ina usanii wake wa masimulizi, na usanii huo hudhihirika hasa katika habari za safari zilizomfikisha Maniema. Huko aliweka makao yake Kasongo yapata mwaka 1875, kwenye njia iliyopita Kabambare kuelekea Ujiji.

Kwanza ni majina. Kwa maelezo yake, jina Tippu Tip ni tanakali ya sauti: ndivyo bunduki zake zilivyovuma masikioni mwa watu wa mtawala Nsama aliowashinda. Jina Kingugwa, alilopewa na Wazaramo, ni istiari ya chui ashambuliaye huku na huku. Majina hayo yametoka katika vinywa vya waliomwogopa, lakini msimuliaji ameyapokea kama sifa. Neno ni lile lile. Msemaji amebadilika, na maana nayo ikabadilika.

Pili ni kisa cha Kasongo Rushie, mtawala wa Utetela, ambaye asichanganywe na mji wa Kasongo. Msimuliaji aeleza kwanza alivyopata habari za dada wawili wa mtawala huyo waliotekwa zamani vitani. Baadaye adai kwamba mmoja wa dada hao ndiye bibi yake mzaa mama. Mtawala ampokea kama damu yake na kumwachia nchi. Msimuliaji hana haja ya kukiri hila. Mpangilio wa matukio unatosha kuifichua. Hapo ndipo penye kinaya.

Msomaji aliyekulia katika ngano atamkumbuka Sungura na kucheka. Lakini Sungura hutumia hila kwa kuwa ni mnyonge, ilhali mgeni huyu alikuja na bunduki. Udugu, basi, umekuwa vazi la ushindi, na dhamira ya kisa ni uwezo wa neno kutwaa kile ambacho risasi ingekitwaa kwa gharama kubwa zaidi.

Dhamira hiyo inaendelea nje ya matini. Pwani, neno mwungwana lilimtenga mtu huru na mtumwa. Maniema lilienea hata kwa wafuasi wengi waliotoka utumwani, na Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana. Utawala wenyewe ulianguka Kasongo ilipotekwa na majeshi ya Dhanis mwaka 1893. Lugha imebaki, nayo ni mali ya wenyeji.

Kwa hiyo, anayefundisha kisa hiki asiishie kuorodhesha tamathali. Kasongo Rushie husikika kupitia kinywa cha aliyeirithi nchi yake tu. Swali la kwanza darasani na liwe: nani anasema, na nani amesemewa?