Kupakia Faili: Mfano wa Kisumu Ndogo, Kibera

Kuhamisha faili kwa intaneti ni kutuma nakala yake kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kuipeleka kwenye seva huitwa kupakia. Kuichukua huko huitwa kupakua. Mwaka 2009, vijana wa mradi wa Map Kibera walipita vijijini, kikiwemo Kisumu Ndogo, wakirekodi njia, vituo vya maji na zahanati kwa vifaa vya GPS. Data hiyo waliitia katika kompyuta, kisha wakaipakia kwenye OpenStreetMap. Hivyo, mtaa uliokuwa pengo ramanini ukaonekana duniani kote. Anayeanza asifute faili asilia kabla ya kufungua nakala iliyofika na kuihakiki; ikipotea, njia iliyotembewa juani itatembewa upya.