Asistani naye ni mutumikaji

Bandugu ba mugodi, na bamama ku nyumba: kijana akifika ku mulango na chupa kidogo, anaomba mukojo ya mutoto, tunamufukuza. Tunasema ametumwa na kompanyi. Lakini mara mingi ni asistani wa universite tu.

Mukumbuke Kasulo. Mu 2014 mutu mumoja alichimba mu kiwanja yake, akakuta kobalti. Kartiye ikajaa mashimo. Kisha bachunguzi ba Universite ya Lubumbashi na benzao ba Leuven, Ubelgiji, bakakuja kupima mavumbi, damu na mukojo. Mu 2018 bakatangaza: batu ba Kasulo, zaidi sana batoto, biko na kobalti mingi mu mwili kupita bale banaishi mbali na mashimo. Sisi mu sendika tulikuwa tunalalamika tu. Sasa tunaweka karatasi ku meza ya bakubwa.

Ile kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba, paka bachunguzi badogo njo banaifanya. Asistani anafundisha, anasahihisha, anapima. Mandat yake iko na mwisho, sawa mutumikaji wa sous-traitance. Anapanda shefu ya kazi, lakini bila doktora hatakuwa profesa.

Basi akifika, musimufukuze. Mumuulize maneno tatu: nani anakulipa? Majibu itarudia kwetu siku gani? Utatuelezea mu Kiswahili? Akijibu wazi, mumupe kiti. Akikataa, mufunge mulango.