Unataka kuigusa theluji ya Mlima Kenya? Anza na kiatu

Saa tisa na nusu usiku, mwezi wa Februari, tulikuwa watano tukipanda kokoto zilizoganda chini ya kilele cha Lenana. Taa za kichwani zilimulika theluji nyembamba iliyoanguka jioni. Mara nikasikia mlio kama wa karatasi inayochanwa polepole. Rafiki yangu akasimama, akainua mguu wa kushoto, na soli ya buti lake ikawa inaning'inia kwa mbele kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

Kiongozi wetu, mzee wa pande za Chogoria aliyepanda mlima huo mara nyingi kuliko anavyokumbuka, aliifunga soli ile kwa kamba ya hema. Kamba ilidumu hatua mia mbili hivi. Theluji ikaingia, soksi ikalowa, na muda si muda rafiki yangu akasema havisikii vidole viwili. Mzee hakutaka mjadala.

"Kijana wangu, mlima hauhami. Vidole vikienda, vimeenda."

Wakarudi chini wawili, yeye na mpagazi mmoja. Kileleni kulikuwa kumebaki kama saa moja na nusu tu.

Sisi ni watoto wa Gachoka, kule Mbeere Kusini, ambako ardhi ni ya mchanga na joto, na mtu hulima muguka, pojo na kunde huku akiomba mvua. Asubuhi isiyo na mawingu ukitazama upande wa kaskazini magharibi unauona mlima na weupe wake. Unakua ukiuona hivyo kila siku. Ila waulize vijana wa rika letu wangapi wamewahi kuukanyaga. Wengi hudhani theluji ni mambo ya watalii, au ya mtu aliyepata viza ya Canada. Kumbe ukitoka Gachoka asubuhi, ukapitia mjini Embu na kushika barabara ya Meru kupitia Chuka, unafika Chogoria kabla ya chakula cha mchana. Hapo unatafuta gari la kupanda msituni hadi lango la hifadhi, lililo karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Kinachobaki ni miguu.

Na miguu ndiyo tuliyoisahau. Kwa miezi mitatu tuliweka akiba ya ada za hifadhi, kiongozi, chakula na jaketi. Viatu tulivinunua wiki ya mwisho, kwa hela iliyobaki.

Rafiki yangu alipata buti la mtumba ambalo kwa macho lilikuwa kali sana. Jina kubwa la Ulaya, rangi haijapauka, soli haijalika hata kidogo. Tulimwonea wivu. Kilichomwangusha nilikuja kukijua baadaye, na ningependa ukijue kabla hujaenda sokoni. Mabuti mengi ya kupandia milima yana tabaka laini katikati ya soli, lile linalofanya kiatu kidunde kidogo unapokanyaga. Mara nyingi hutengenezwa kwa aina ya povu la plastiki linaloitwa poliyurethani. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kama kiatu hakijavaliwa. Buti likikaa kabatini miaka kadhaa kule lilikotoka, halafu likafungwa kwenye marobota na kusafirishwa hadi huku, kwa nje litang'aa kama jipya huku ndani povu limeshakuwa kama keki kavu. Siku ya kwanza ya kazi ya kweli linamomonyoka.

Kwa hiyo usidanganywe na soli ambayo haijalika. Buti la mtumba ambalo halijawahi kutembea linatia shaka kuliko lililotumika kidogo na bado limeshikana. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au unga unabaki kidoleni, rudisha. Likunje kwa nguvu mara ishirini mbele ya muuzaji, akasirike akitaka. Tazama pale soli inapokutana na ngozi, na kama gundi imeachia hata sentimita moja, hilo si lako. Fundi wa viatu anaweza kushona soli kuzunguka, na mafundi wetu ni hodari, lakini mwambie wazi unaenda mlimani wala si harusini.

Sisemi mtumba ni mbaya. Langu pia lilikuwa la mtumba. Lilikuwa zee, zito, la ngozi, limeshonwa kwa uzi unaoonekana, na wenzangu walilicheka kuwa ni la askari mstaafu. Lilinifikisha na kunirudisha.

Halafu kuna hili suala la theluji yenyewe. Kila mtu akisikia Lenana, mita 4,985, anawaza viatu vya kwenye filamu na vile vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya buti. Mwaka wa 1943 Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita Nanyuki walitoroka kambini wakapanda mlima huu, na vyuma hivyo walivitengeneza wenyewe kwa siri kutoka kwenye vyuma chakavu. Wawili kati yao walifika Lenana, kisha wote wakarudi kujisalimisha kambini. Enzi hizo barafu ilikuwa imetanda. Siku hizi barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote pale juu, imenyauka na kubaki kipande cha kusikitisha. Kwa anayeenda Lenana kwa miguu katika miezi mikavu, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, vyuma vya meno kwa kawaida havihitajiki. Muulize kiongozi wako hali ilivyo wiki hiyo. Batian na Nelion ni habari nyingine kabisa. Hivyo ni vilele vya wakwea miamba wenye kamba.

Theluji utakayoikuta hukaa kwenye mawe hadi jua lichomoze, kisha huyeyuka na kuwa matope. Yaani utaikanyaga saa tatu au nne. Matope, nyasi zenye maji, mawe yanayoteleza na vumbi utavikanyaga siku nne. Hapo ndipo wengi hukosea: wananunua kiatu cha ile picha ya kileleni, wanasahau safari nzima. Unachohitaji ni buti linalofunika kifundo cha mguu, lenye soli ngumu ya meno marefu, na lisiloingiza maji.

La maji tulijifunza njia rahisi ya kulipima. Jaza beseni, vaa buti na soksi, simama ndani maji yafike chini kidogo ya kamba, kaa dakika kumi. Mama yangu aliponikuta nimesimama kwenye beseni uani, jua la saa nane likiwaka, aliuliza kama ni kanisa jipya nimeingia. Soksi ikitoka kavu, umepata.

Raba? Hapana. Najua kuna watu wamefika Lenana na raba, na watakuonyesha picha. Hawatakuonyesha picha ya kucha zao wiki iliyofuata. Na viatu vya ngozi ya suede, vile tunavyovipenda sana mjini kwa sababu vinakaa vizuri na jeans, vinakunywa maji kama sifongo.

Ukubwa nao una siri yake. Mjini tunapenda kiatu kinachobana kidogo ili mguu uonekane vizuri. Mlimani kiatu cha kubana ndicho kinachogandisha vidole, kwa sababu damu haipiti, na damu ndiyo jiko la mguu. Nenda dukani au sokoni alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea, ukiwa na ile soksi nene utakayovaa. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino panapaswa kuingia kidole kimoja. Ukishafunga, kisigino kisipande unapotembea na vidole viweze kucheza. Kama kuna ngazi karibu, shuka nazo kwa kishindo. Vidole vikigonga mbele, ongeza namba.

Maana kupanda hakuumizi kama kushuka. Hili hakuna aliyetuambia. Siku ya kushuka ni saa nyingi za kuteremka mfululizo, na kila hatua kidole gumba kinapiga ukuta wa kiatu. Mimi nilipoteza kucha moja. Kata kucha siku mbili kabla ya safari, na mkianza kuteremka simama ukaze kamba upya pale juu ya mguu, ili mguu usiteleze kwenda mbele.

Soksi za pamba achia shule. Pamba hushika jasho, jasho hupoa, na kufikia saa nane usiku unakuwa umevaa maji baridi. Tafuta za sufu. Kwenye mitumba zipo, na ni bei ya soda mbili tatu. Beba jozi tatu, moja uifungie kwenye mfuko usioingiza maji na uape hutaigusa hadi usiku wa kilele. Usivae mbili mbili kama buti linakaza, utarudi palepale pa damu kutopita.

Mkifika kambini na viatu vimelowa, msiviweke karibu na moto. Gundi hulegea, ngozi hupasuka. Toa ile soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe zikilowa. (Ndiyo, gazeti la karatasi bado lina kazi.) Usiku viingize hemani, maana ukiviacha nje asubuhi utavikuta vimekuwa mawe.

Sasa nirudi kwa yule mpagazi aliyeshuka na rafiki yangu. Walipofika kambini Hall Tarns, jua lilikuwa halijatoka. Alimkalisha, akamvua soksi, akaviweka vile vidole vyenye ganzi kwenye kwapa lake mwenyewe hadi vikaanza kuuma. Kuuma ni habari njema. Kisha akavua magambuti aliyokuwa amevaa, akampa, naye akatoa mkobani raba za turubai zilizotoboka kidoleni. Kwa siku mbili zilizofuata alishuka hadi langoni na raba hizo, na mzigo wetu kichwani.

Mwenye kumlipa alikuwa sisi. Tulikuwa tumeuliza bei yake kwa siku, tukajaribu hata kuipunguza, lakini hakuna aliyetazama miguu yake. Magambuti ndiyo viatu vya wapagazi wengi wa mlima huu, kwa sababu hayaingizi maji kwenye matope na bei yake inafikika. Ila hayana joto, na kwenye mawe yenye barafu hayashiki. Kule Moshi, upande wa Kilimanjaro, kuna mradi wa kutetea wapagazi ambao huwaazima nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Sisi ukipanga safari, uliza kabla: mpagazi atavaa nini usiku? Kama jibu halieleweki, punguzeni bajeti ya nyama choma ya kusherehekea, mkodishe jozi moja zaidi. Viatu vya kukodi hupatikana kwa waongozaji wa Chogoria, Naro Moru na Nanyuki. Na hata wewe mwenyewe, kama hutarudi tena mlimani mwaka huu, kukodi ni nafuu kuliko kununua kitu kibovu. Fika siku moja mapema tu, ulijaribu buti hilo ukiwa na soksi yako, usilipokee usiku langoni.

Mimi niliendelea hadi juu. Jua lilitoka, tukapiga picha kwenye kile kibao, watu wakapiga makelele. Nilitazama kusini mashariki, kule ukungu ulipoishia kwenye tambarare ya kahawia, nikajua Gachoka iko humo mahali fulani. Theluji niliigusa. Iliuma mkono, ikayeyuka. Nilikuwa nimepanga kumpigia rafiki yangu video kutoka kileleni, sikupiga.

Vidole vyake vilipona. Wiki mbili havikuwa na hisia vizuri, kisha vikabambuka ngozi, basi. Mwezi uliopita alipata buti la ngozi la kushonwa, namba moja zaidi ya kawaida yake, akalisimamisha beseni dakika ishirini badala ya kumi. Sasa analilainisha. Kila jioni anatoka Gachoka kuelekea Kiritiri kwa miguu, amevaa soksi za sufu, mgongoni mkoba wenye chupa sita za maji, vumbi na joto la Mbeere vikimchoma. Watu wa bodaboda hupunguza mwendo wamwangalie. Juzi mama mmoja muuza maembe alimsimamisha.

"Mwanangu, na buti hilo lote, unaenda wapi?"

"Naenda kwa theluji, mama. Januari."

Mama alitazama barabara, akatazama jua, akampa embe moja bila kumwomba pesa.